Cheti cha fundi wa mtandao wa maji

SWALI: Nachimba mitaro ya mabomba hapa Igoma, Mwanza. Nimemaliza kidato cha nne. Nifanyeje niwe fundi mwenye cheti?

JIBU: Soma ufundi bomba kwenye chuo cha ufundi cha VETA, au omba astashahada Chuo cha Maji, Dar es Salaam. Ila kwa vilima vya Mwanza, jifunze presha mapema: kila mita 10 za kimo chini ya tangi huongeza takribani baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Nyumba iliyo mita 70 chini hufikia baa 7 usiku, watu wasipochota. Bomba la PN6, yaani la kuhimili baa 6, limeshazidiwa. Hapo panahitaji valvu ya kupunguza presha. Valvu kubwa ifunge polepole, maana ukiikaba ghafla maji hupiga kishindo na kung'oa viungio. Baada ya matengenezo, toa maji machafu yote, kisha pima klorini: kwa mteja isipungue miligramu 0.2 kwa lita.