Swali la lugha: “Akisi kwenye mhimili wa x” au “geuza”?

Swali: Katika mazoezi ya jometri hukuta agizo “Akisi pembetatu ABC kwenye mhimili wa x.” Mwenzangu hupendelea “geuza.” Lipi sahihi? Na kazi ikishafanyika, tuseme pembetatu imeakisi au imeakisiwa?

Jibu: Kitenzi kinachofaa ni akisi, yaani kutoa taswira ya umbo kama ionekanavyo katika kioo. Geuza ni neno pana mno kwa agizo la hisabati, kwa kuwa mwanafunzi anayeizungusha pembetatu nusu duara naye ameigeuza, ilhali matokeo ni tofauti kabisa. Tuchukue A(2, 3), B(5, 1) na C(4, 0). Ukiizungusha nusu duara kwenye nukta ya chanzo (0, 0), A inafika (-2, -3), na herufi A, B, C zinaendelea kufuatana kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ukiiakisi kwa mhimili wa x, A inafika (2, -3), nazo herufi zinafuatana kinyume cha saa.

Kasoro ya agizo hilo, kwa maoni yangu, imo katika kwenye. Neno hili huonyesha mahali, na ndiyo maana tunasema kwa usahihi kwamba nukta C iko kwenye mhimili wa x. Mwanafunzi makini anayesoma “akisi kwenye mhimili” ana haki ya kudhani kwamba taswira nzima inatakiwa ikae juu ya mhimili, wakati ambapo mhimili ni kioo tu, na kila nukta huvuka upande wa pili kwa umbali uleule, ikipita njia iliyo wima kwa mhimili. Ningeandika: “Akisi pembetatu ABC, mhimili wa x ukiwa mstari wa kioo.” Sentensi inarefuka kidogo, lakini inamkumbusha mwanafunzi kwamba x haibadiliki na kwamba alama inayogeuka ni ya y, jambo ambalo wengi hulikosea kwa kuliona jina la x katika agizo. C, iliyo juu ya kioo chenyewe, haisogei.

Kuhusu kauli, akisi ni kitenzi elekezi, yaani kinachohitaji kitu kinachotendwa: kioo huakisi mwanga, nao mwanga huakisiwa. Pembetatu ndiyo inayotendwa, kwa hiyo imeakisiwa. Umbo jipya linalopatikana ndilo taswira yake.