Bibi na mjukuu wanaongea sauti moja: pa kuanzia kurekebisha

Mkuu, umeuliza kwa nini wasomaji wa hadithi yako wanamchanganya bibi na mjukuu wakiongea, ilhali umeshaeleza kwamba bibi ana miaka 70 na mjukuu ni konda wa daladala. Ni kweli umeeleza, ila umri na kazi vimebaki kwenye maelezo, havijafika mdomoni. Tazama mistari yako miwili:

"Mjukuu wangu, nina wasiwasi kuhusu safari yako."
"Usiwe na wasiwasi, bibi. Nitakuwa salama."

Huyo si bibi, ni tangazo la benki. Mtu mzima mwenye hofu haisemi wazi, huizungukia:

"Na hilo gari lenyewe, breki zinashika?"
"Bibi nawe! Kwani naendesha mimi?"

Bibi kauliza breki, mjukuu kakwepa. Usikimbilie kumjazia konda "oya" na "mwanangu" kila sentensi. Misimu huchuja haraka, na ikizidi mhusika anakuwa kikaragosi. Neno moja au mawili kwa ukurasa yanatosha, kazi iliyobaki ifanywe na urefu wa sentensi na namna anavyolikimbia swali.

Kabla ya kuandika mazungumzo, chukua karatasi uorodheshe kila mhusika anaitwaje na nani. Nani anampa shikamoo, nani anamwita kwa jina, nani anamwita Mama Zuhura. Mume aliyemwita mkewe "Mama Zuhura" sura nne mfululizo, siku akisema "Rehema, kaa chini", huhitaji kuongeza "alisema kwa hasira".

Sasa msimulizi. Kiswahili humsaliti kwa vitu vidogo mno. "Mzee aliingia" haina upande. "Kizee kikaingia", umeshadharau. "Jizee likaingia", umechukia au umeogopa. Msomaji atauliza: anayedharau ni nani? Kama tunatazama kwa macho ya mjukuu, sawa, mradi mjukuu awe kweli anamdharau mzee huyo. Kama msimulizi yuko nje na anajua yote, basi dharau hiyo aibebe hadi mwisho au asiiguse kabisa. Vivyo hivyo "yule mwanamke" humweka mbali, "huyu mwanamke" humleta hadi mezani. Kuruka kutoka yule kwenda huyu ndani ya aya moja bila sababu kunamyumbisha msomaji, naye hata hajui kinachomyumbisha.

Halafu kiambishi -ka-, kile cha matendo yanayofuatana. "Akaingia, akaketi, akavua viatu" inakimbia. "Aliingia. Aliketi. Alivua viatu", kila tendo linasimama peke yake, kama polisi anaandika maelezo ya shahidi. Zote zina mahali pake. Ila msimulizi mtoto wa miaka 9 ataegemea zaidi -ka-, wala hatakuwa na "hatimaye" na "licha ya hayo" mdomoni.

Mtego mkubwa ni kiambishi a-, kile cha "yeye". "Alimwambia amechoka na angeondoka kesho." Nani kachoka? Kiambishi hakisemi hata kama ni mume au mke. Wengi hutibu kwa "mwanamke huyo" na "kijana huyo" kila mstari, hadithi ikaanza kunuka taarifa ya habari. Rudia jina tu, halichoshi kama unavyodhani. Au mpe mmoja wao kitu mkononi:

Akauegemeza ufagio ukutani. Amechoka, kesho anaondoka.

Mwenye ufagio ni mmoja, kwa hiyo hakuna wa kumchanganya naye. Na umeshaingia kichwani mwake bila "aliwaza kwamba".

Kupima: nakili ukurasa mmoja wa mazungumzo, futa majina na kila "alisema", kisha mpe mtu aliyesoma sura ya kwanza tu, akuambie kila mstari ni wa nani. Katika mistari 10 akikosea zaidi ya 2, rudi kwenye ile karatasi ya majina.

Na pale sura ya tatu bibi anapojua kilichotokea stendi wakati alikuwa nyumbani: ama mtu aje amsimulie, ama ifute hiyo aya.