Kiingereza kianzie masikioni

Wewe unayeanza Kiingereza sasa, nakuomba jambo moja: usikariri neno ambalo hujapata kulisikia likitamkwa. Mimi nilifanya kinyume. Miaka miwili nilijifunza kwa macho, nikajaza madaftari msamiati, nikafaulu mitihani ya kuandika. Siku alipokuja darasani mgeni aliyezaliwa na lugha hiyo, sikuambulia kitu. Baadaye tukapewa maandishi ya mazungumzo yake, na hapakuwa na neno hata moja nisilolijua. Iliniuma sana.

Sisi tumezoeshwa na Kiswahili. Kwetu neno husomwa lilivyoandikwa, irabu ni tano, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti zipatazo 44. Tazama “though”, “through”, “cough” na “rough”: mwisho wa kila neno ni herufi zilezile nne, na kila moja linasomwa kivyake. William Caxton alipopeleka uchapaji Uingereza mwaka 1476, irabu za lugha hiyo zilikuwa katikati ya kubadilika. Tahajia ikaja kushika mizizi, sauti zikaendelea na safari yake. Nilipolijua hilo nilitua mzigo, maana nilikuwa nadhani ni mimi niliye mzito wa kuelewa.

Lakini kilichonichelewesha kuliko vyote ni mkazo. “Photograph” hukazwa mwanzo, “photography” silabi ya pili. “Record” ikiwa nomino hukazwa mbele, ikiwa kitenzi hukazwa nyuma. Na silabi isiyokazwa humezwa! “Banana” ina “a” tatu kwenye karatasi, ila inayosikika wazi ni ya katikati tu. Nyingine mbili hupita kama pumzi. Mimi nilikuwa nazingoja zote tatu, na wakati nangoja, sentensi imekwisha.

Dawa niliyoipata ni hii. Chukua rekodi ya dakika moja. Isikilize mara nne au tano bila kuona maandishi, andika unachosikia, kisha linganisha na maandishi yenyewe. Pale ulipokosea pana thamani kuliko ukurasa mzima wa msamiati, kwa hiyo pigia mstari. Halafu sema pamoja na msemaji, kwa kasi yake, hata ulimi ukijikwaa. Dakika moja kila siku inatosha. Niliyejaribu nusu saa niliacha ndani ya wiki.

Sarufi utaikuta vitabuni, ila mitego miwili inatoka kwenye lugha yetu wenyewe. “Yeye” wetu hajali mume wala mke, ndiyo maana tunachanganya “he” na “she” hata baada ya miaka mingi. Na kwa kuwa tunasema “nimefika jana” bila kukosea, tunatamka “I have arrived yesterday”, ambayo Kiingereza hakiikubali: ukishataja jana, sema “I arrived”.

Jambo la mwisho, lizoee mapema: “Could you say that again, please?”, yaani tafadhali rudia ulichosema. Mimi niliona aibu kulitumia, nikawa naitikia “yes” kwa maswali nisiyoyaelewa, na watu wakaendelea kuzungumza kwa kasi ileile wakidhani tuko pamoja. Siku nilipothubutu kuuliza, mwenzangu alirudia taratibu, tena kwa maneno mepesi zaidi, na hakuonyesha kukereka hata kidogo.