Wa kujitolea wanatoweka, wa mshahara wamenuna: nianzie wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Miezi mitano iliyopita niliajiriwa kuwa mratibu wa mpango wa maendeleo ya vijana katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Nilikuta wafanyakazi wanne wa mshahara, maafisa watatu na karani, pamoja na orodha ya watu 38 wa kujitolea wanaoendesha vilabu vya Jumamosi. Sasa wanaofika hawazidi 17. Maafisa wangu wanasema wa kujitolea hawana nidhamu na hawaleti ripoti. Wa kujitolea nao wanasema pesa zao zinaliwa ofisini. Wawili wamedai mkataba kwa kuwa wametumika miaka mitatu. Je, niwalipe posho? Kazi niigawe vipi? Na yuko mmoja, watoto wanampenda mno, lakini hajawahi kuandika ripoti hata moja. Nimwondoe?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu, lakini kuna la nne hukuligusa, nami ningeanza nalo: wale 21 wamekwenda wapi? Katika barua yako nzima hujasema umeongea na hata mmoja wao. Wapigie simu, mmoja mmoja. Usiwaulize kwenye kundi la WhatsApp, huko utaambulia vidole gumba na kimya. Wala usimuulize mtu "kwa nini uliacha", maana hilo lina harufu ya lawama. Muulize siku ya mwisho alipokuja ilikuwaje. Atakusimulia.

Utakachosikia nakijua, nimekisikia mara nyingi. Huyo wa kujitolea alifika uwanjani saa moja asubuhi. Kabeba viti vya kuazima msikitini, kafagia chini ya mwembe, kachota maji, ana watoto 30 na mpira mmoja usio na upepo. Saa tano gari la kaunti linaingia. Anashuka afisa na fulana ya mpango, anahutubia dakika kumi, watoto wanapangwa wanapigwa picha, karatasi inazungushwa watu watie sahihi, gari linaondoka. Yule wa viti anabaki kuvirudisha. Ile karatasi ina safu ya jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi, na kwetu karatasi ya namna hiyo maana yake ni pesa. Wiki tatu zikipita bila kitu kuingia kwenye simu, kwake jibu limeshapatikana: zimeliwa. Huenda hazikuliwa. Huenda hazikuwahi hata kuwako. Lakini aliyempa kalamu ni ofisi yako. Kuanzia Jumamosi hii, juu ya karatasi hiyo yaandikwe kwa herufi kubwa maneno haya: MAHUDHURIO TU, HAKUNA MALIPO. Utashangaa maneno mengi yatakavyokufa kwa wino huo mdogo.

Sasa mgao wa kazi. Marekani wana mpango wa vijana uitwao 4-H, ulioingizwa katika huduma za ugani za vyuo vikuu kwa sheria ya mwaka 1914. Hizi 4-K Club zetu, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizofufuliwa shuleni mwaka 2021, ni jamaa zake. Katika 4-H kaunti nzima inaweza kuwa na afisa mmoja au wawili tu wa mshahara, na vilabu vinakwenda. Vinakwendaje? Kwa sababu kazi kubwa ya afisa si kumfundisha mtoto kufuga kuku. Anamwandaa yule mzazi atakayemfundisha mtoto kufuga kuku: anamtafuta, anamsaili, anampa mafunzo na vifaa, halafu anamtembelea kuona kama amekwama. Akienda klabuni, anamwendea mzazi.

Kwako mambo yamegeuzwa. Maafisa wanashindana na wa kujitolea kwa kazi ileile mbele ya watoto walewale, tena mmoja ana gari na mwenzake hana hata nauli. Wagawe wale 38 kwa maafisa watatu, kila mmoja awe na watu 12 au 13 anaowajua kwa majina, kwa wadi, na kwa shida zao. Kisha badilisha kipimo unachotumia kuwapima maafisa. Ukiwapima kwa idadi ya vijana "waliofikiwa", watakimbizana na picha. Wapime kwa idadi ya watu wao waliokuwapo Januari na bado wapo Juni. Watanung'unika mwezi wa kwanza, na yupo atakayekwambia hakuajiriwa kulea watu wazima. Mweleze kwa upole kwamba ndivyo alivyoajiriwa.

Kuhusu posho, nianze na kosa langu. Kuna ofisi niliyofanyia kazi ambako niliwaahidi watu 26 shilingi 500 kwa siku kabla pesa hazijaidhinishwa. Nilikuwa na hakika. Robo ya mwaka ikaisha, fedha za kaunti zikachelewa kutoka Nairobi, na zilipofika zikaenda kwenye mishahara kwanza. Watu 11 hawakurudi, na waliobaki walikuwa wananisalimia kwa heshima iliyozidi. Shilingi walizikosa wao, lakini neno langu ndilo lililoharibika.

Kwa hiyo tenganisha nauli na posho. Nauli ni pesa yake aliyoitoa mfukoni, nawe unamrudishia. Weka kiwango cha kila wadi kulingana na bei ya matatu au bodaboda, kibandikwe ukutani kila mtu akione, na kilipwe kwa M-Pesa ndani ya wiki. Ukichukua masurufu, yaani pesa za ofisi unazokabidhiwa kwa matumizi na kutolea hesabu baadaye, kwa ajili hiyo, kumbuka kanuni za fedha za kaunti zinampa aliyeyachukua siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni awe ameyatolea hesabu, ama yakatwe kwenye mshahara wake. Afisa anayeogopa makato huwa halipi, na hapo ndipo nauli za watu hulala kwenye droo. Mpe karani kazi hiyo moja: Jumatatu asubuhi nauli kwanza.

Fungu lenyewe usilitafute Machi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, kwa mwaka unaoanza 1 Julai. Kama "nauli na chakula cha wa kujitolea" haimo kwa jina kwenye karatasi hizo, afisa mkuu wako hata akikupenda vipi hana pa kuzitoa.

Posho ya kila siku mimi siipendi, na si kwa ubahili. Mtu ukimpangia saa za kuingia na kutoka, ukamsimamia, na ukamlipa kiasi kilekile kila siku, huyo ni kibarua, umwite jina lolote. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi huhesabiwa kuwa na mkataba wa kazi wa mshahara wa mwezi. Mtafute mwanasheria wa kaunti akuandalie barua fupi ya kujitolea, ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: kazi ni ipi, ni saa ngapi kwa mwezi, kitakachorudishwa ni nini, muda wake unaisha lini. Miezi sita inatosha. Mtu akifikia mwisho anaweza kuaga bila kutoroka, nawe unaweza kumshukuru bila kugombana.

Huyo mpendwa wa watoto usimwondoe kwa ajili ya ripoti. Nina hakika fomu yenu ina kurasa nne na safu ya "changamoto na mapendekezo". Mwambie akutumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili: wamekuja wangapi, wamefanya nini, nani amekosekana wiki ya pili mfululizo. Afisa wake auandike. Hilo la tatu ndilo la maana kuliko yote, maana mtoto anayekosekana mara mbili huwa ana jambo nyumbani.

Ila kuna mahali ambapo kupendwa hakumwokoi mtu. Katiba inamtaja kijana kuwa ni mwenye miaka 18 ambaye hajafikisha 35, lakini wewe mwenyewe umetaja watoto, na kama wapo walio chini ya miaka 18 uko chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kila mtu mzima anayekaa nao, wa mshahara au wa kujitolea, awe na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Wasipungue watu wazima wawili kila kikao. Hakuna kumpeleka mtoto mmoja nyumbani kwa pikipiki, hata kukinyesha. Picha na nambari za simu zisichukuliwe bila idhini ya mzazi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalidai hilo. Mpango ulipie vyeti hivyo wenyewe. Anayekataa, hata awe kipenzi cha watoto wa wadi nzima, apumzike, na asipewe muda wa kufikiria huku anaendelea kukaa nao.

Wale wawili wa miaka mitatu waite pamoja, ofisini, si kando ya uwanja. Kabla ya hapo mwonyeshe mwanasheria rekodi za malipo yao, kama zipo, ili usiseme jambo utakalolikana baadaye. Kama hawana dai la kisheria, waambie wazi kwamba wewe huna mamlaka ya kuajiri, ni ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kisha uwape ulichonacho: barua yenye muhuri inayotaja miaka, saa na kazi waliyofanya. Bodi ikitangaza nafasi, wajulishe siku hiyohiyo, na uwasaidie kujaza fomu.