Usinunue segmenti kabla ya kupima silinda

Ndugu yetu wa mtaa wa Majengo, hapa Goma, ameuliza kama fundi wake yuko sawa kubadilisha segmenti (pete za pistoni) peke yake kwenye pikipiki ya Boxer 150 inayotoa moshi wa bluu, eti kwa sababu silinda "bado inang'aa". Kung'aa si kipimo. Silinda iliyolika ndiyo hung'aa zaidi, maana ile mikwaruzo myembamba ya kushika mafuta imeshafutika.

Kabla ya kufungua injini, angalia moshi unatoka wakati gani. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakatika, shuku kwanza mipira ya supapu (vali). Ukitoka kila unapovuta gesi kupanda mlima, fungua.

Piyakulisi (rula ya chuma yenye meno ya kupimia) iache kando. Meno yake hayakai vizuri ndani ya duara, na hapa tunatafuta sehemu ya kumi ya milimita au chini yake. Kipimo chenye uso kama wa saa cha kuingiza ndani ya silinda ndicho chenyewe, lakini gereji nyingi za Goma hazina. Segmenti moja mpya ya saizi ya silinda hiyo na zile bati nyembamba za kurekebishia supapu zinatosha kukupa jibu.

Futa silinda ikauke. Ingiza ile segmenti mpya (iwe ya juu), isukume kwa kichwa cha pistoni mpaka karibu na chini kabisa, mahali ambapo segmenti hazifiki. Kuisukuma kwa kidole kunailaza upande na kipimo kinadanganya. Pima mwanya wa ncha zake. Kisha ipandishe hadi milimita kama 10 au 15 kutoka juu, upime tena. Ukingo wenyewe wa juu usiupime: pale segmenti hazisugui, kwa hiyo utaambiwa silinda ni mpya.

Sasa toa kipimo cha chini kwenye cha juu, ugawanye kwa 3.14. Mfano: chini 0.25, juu 0.55. Tofauti ni 0.30, kwa hiyo kipenyo kimeongezeka karibu 0.10 mm. Kwa silinda ya 56 mm hiyo imekwisha. Ukiweka segmenti mpya moshi utarudi upesi, na pesa imeenda. Ikiwa tofauti ni 0.06, kipenyo kimeongezeka 0.02 tu, segmenti mpya zinaweza kufanya kazi.

Njia hii ina upofu mmoja: segmenti hupima mzunguko mzima, haioni kama silinda imekuwa yai. Na huwa inakuwa yai, kwa sababu pistoni husukuma zaidi ukuta wa mbele na wa nyuma, si upande wa ekseli yake (pini inayopita katikati ya pistoni). Ukiona mwanga unapita kati ya segmenti na ukuta, usibishane, peleka kwa tourneur (fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine).

Kwa tourneur nenda na pistoni mkononi, usimwambie tu "nichongee 0.50" (yaani silinda ipanuliwe nusu milimita). Pistoni zinazouzwa mtaa wa Birere, zilizoandikwa saizi moja hazilingani zote. Aipime kwa mikromita, milimita kama 10 juu ya ukingo wa chini wa sketi (ubavu wa chini wa pistoni), kwa kukata mwelekeo wa ekseli. Kichwani ni nyembamba kwa makusudi, hapo moto ni mwingi. Halafu achonge silinda iizidi pistoni kwa 0.03 hadi 0.04 mm. Pistoni isiwe imetoka juani: aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na kipimo cha sehemu ya mia ya milimita kinapotea hivyo hivyo.

Silinda ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake huacha unga wa jiwe la kusugulia ndani ya mikwaruzo. Kausha, paka mafuta papo hapo.

Na filtri ya hewa ibadilishwe siku hiyo hiyo, uangalie pia mpira unaoiunganisha na kabireta kama haujapasuka. Vumbi letu ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu, likipita hapo silinda mpya haitafika mbali.