Samaki hacheui, mwani anaulainishaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nauza samaki soko la Majengo hapa Dodoma. Tasi wanaoletwa na barafu kutoka Dar es Salaam nikiwapasua nakuta utumbo mrefu uliojaa majani ya kijani, na unanuka kuliko wa changu. Nimekulia Chamwino kwenye zizi la mbuzi, na mbuzi hucheua. Samaki hacheui. Majani hayo anayalainishaje?
Muuza samaki, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenitoa nyumbani. Jumamosi nilinunua tasi mmoja hapo hapo Majengo, nikampasua kwenye sinia. Tumbo lake ni kijifuko chembamba kisicho na misuli ya kusaga. Utumbo umejiviringa kama kamba ya kisima. Nilipoukunjua taratibu ulizidi urefu wa samaki mwenyewe karibu mara tatu. Mwanzoni mwani ulikuwa bado unatambulika, mwishoni umeshakuwa uji wa kahawia.

Chakula cha mwani kimefungiwa ndani ya kuta za seli. Tasi huzilegeza kwa tindikali ya tumboni, yaliyomo yakavuja, kisha utumbo ukaendelea na kazi. Sato, ndugu wa perege unaowaletewa kutoka Mtera, naye ni hivyo hivyo: tindikali yake hukolea hadi pH chini ya 2 (pH ni kipimo cha tindikali, kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi ukali). Asubuhi, kabla haijakolea, mwani wa kwanza kuliwa hupita ukatoka bado wa kijani.

Pono yeye hana tumbo kabisa. Ana meno mengine kooni, nayo husaga mwani pamoja na vipande vya matumbawe, kama lile jiwe la bibi yangu la kusagia mtama. Kinachotoka nyuma ni mchanga mweupe.

Sasa turudi zizini kwako. Mbuzi huvundika majani mbele, katika tumbo la kwanza, ndiyo maana anaweza kuyarudisha mdomoni. Punda huvundika nyuma, kwenye utumbo mpana, wala hacheui. Samaki kama puju na baadhi ya kangaja wako upande wa punda. Bakteria walio mwishoni mwa utumbo huvundika mabaki ya mwani na kutoa asidi, hasa ile ya siki, inayopenya hadi kwenye damu na kumpa samaki nguvu. Kangaja mmoja wa Bahari ya Shamu ana bakteria aitwaye Epulopiscium, anayeweza kuzidi nusu milimita. Nimetazama damu ya ng'ombe kwa hadubini maisha yangu yote ya kazi. Bakteria wa kuonekana kwa macho matupu sikumwona hata siku moja! Hadi mwaka 1993 ndipo wanasayansi walipothibitisha kuwa kweli ni bakteria.

Kuhusu harufu: changu hula kaa na konokono, tumboni mwake hamna shehena ya mwani. Tasi akifa, tindikali na bakteria hawafi naye. Mwani huendelea kuvunda, na nyama ya tumbo hulegea hadi kupasuka. Mwambie anayekuletea awatoe utumbo kabla ya kuwatia kwenye barafu, maana ukingoja wafike Dodoma umechelewa. Na uwashike kwa kitambaa kizito, mwanangu. Miiba ya tasi ina sumu, na huchoma hata akiwa amekufa.