Maabara damu inachelewa kuganda, mguuni imeganda: inawezekanaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu wa Tukuyu ana miaka 29. Mimba zake mbili ziliharibika baada ya miezi mitatu, na sasa mguu wa kushoto umevimba, damu imeganda kwenye mshipa wa paja. Ajabu ni kwamba kipimo cha APTT kinaonyesha damu inachelewa kuganda, halafu anapewa dawa ya kuzuia isigande! Mimi ni mtu wa maabara, nasikia chanzo huwa ni kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili; naomba unifafanulie zinafanya nini. Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba, na mpe dada pole nyingi. Kwanza hakikisha sampuli ya APTT ilitolewa kabla hajachomwa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia mgando, maana heparini nayo hurefusha muda huo. Kama ilitolewa kabla, basi maabara iko sahihi na daktari wake yuko sahihi.

Maelezo yako yanafanana sana na ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi, ambao Graham Hughes na wenzake wa London waliueleza mwaka 1983. Kingamwili hizi hulenga hasa protini ya damu iitwayo beta-2-glaikoproteini I, ambayo hupenda kujibandika kwenye fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa seli. Kwenye mrija wako, fosfolipidi ni ile ya kitendanishi, kemikali ya kipimo. Kingamwili na protini yake zikishaikalia, protini za kugandisha damu zinakosa pa kukutania, muda unarefuka. Ukichanganya plazma yake (maji ya damu) nusu kwa nusu na ya mtu mwenye afya, muda bado haurudi sawa, ishara kwamba kuna kizuizi, si upungufu wa protini.

Lakini mrija hauna ukuta wa mshipa, na madhara yanaanzia hapo ukutani. Seli zinazotanda ndani ya mshipa kazi yake ya kila siku ni kuzuia damu isigande: zinatoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa, zinatuliza chembe sahani, zile chembe za damu zinazoshikamana kuziba jeraha. Protini ile ikinata juu ya seli, kingamwili moja huunganisha mbili kwa pamoja, na seli inapokea ishara kama vile imeshambuliwa. Inatoa nje protini inayowasha mgando, inaota vishikizo vinavyonasa seli nyeupe, na nitriki oksaidi inapungua. Hata aneksini A5, protini inayofunika fosfolipidi za seli zisiguswe, inasukumwa pembeni. Ukuta uliokuwa unalinda sasa unachochea.

Mtu anaweza kuishi na kingamwili hizi miaka mingi bila bonge lolote la damu, mpaka kije kichocheo cha pili: ujauzito, upasuaji, maambukizi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kwenye kondo la nyuma kuna zaidi ya mgando. Seli zake zenyewe hushambuliwa na kuumia.

Muulize pia kwa upole kama kliniki iliwahi kumwambia ana kaswende. RPR, kipimo cha kuchuja kaswende, kina kadiolipini, ambayo ni fosfolipidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu asiye na ugonjwa huo. Kithibitishwe kwa kipimo cha treponema, bakteria wa kaswende wenyewe, kabla mtu hajalaumiwa nyumbani.

Vipimo vyenyewe ni vitatu: lupasi antikoagulanti (kinachoonyesha kingamwili zinazochelewesha mgando kwenye mrija), kingamwili za kadiolipini na za beta-2-glaikoproteini I. Kilichotoka chanya kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwani maambukizi hupandisha kingamwili kwa muda.

Dawa ni warfarini, vidonge vya kuzuia mgando; INR, kipimo cha nguvu yake kwenye damu, ikae kati ya 2 na 3. Figiri na chainizi zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini; asiache, ila kiasi kisipande na kushuka. Najua nauli ya Tukuyu hadi Mbeya kwa ajili ya INR inaumiza, lakini asihamie rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia mgando isiyohitaji INR, kwa sababu hiyo. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2018, kwa wagonjwa wenye vipimo vyote vitatu chanya, ulisitishwa mapema kwa sababu waliotumia dawa hiyo walipata mabonge zaidi.

Akitaka mtoto, na naamini inawezekana, aje tupange kabla hajashika mimba. Warfarini humdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, kwa hiyo siku zake zikichelewa tu apime na aje haraka abadilishiwe: sindano za heparini pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Asiache warfarini mwenyewe nyumbani.